Limfoma inayokua polepole: namna ya kuishi nayo ukiwa kwenye uangalizi bila dawa

Mgonjwa anatoka kwa daktari na majibu yanayosema saratani, na kadi ya kliniki yenye tarehe ya miezi mitatu mbele. Hana dawa mkononi. Hajapangiwa kemo wala mionzi. Akifika nyumbani, swali la kwanza ni hili: "Wamekukatia tamaa?"

Hawajamkatia tamaa. Baadhi ya limfoma, yaani saratani ya tezi ambayo wengi huiita saratani ya mitoki, hukua taratibu sana hata mtu akaweza kukaa miaka bila dawa na asipungukiwe na kitu. Ila uangalizi huu una masharti, na kwa huku kwetu sharti gumu kuliko yote ni kutopotea. Nimekuwa nikimsindikiza mama mkubwa kliniki tangu alipoambiwa ana ugonjwa huu. Kwa niliyoyasikia kwenye yale mabenchi ya kusubiria, wengi waliorudi na hali mbaya walikuwa wameacha kuja kwa sababu walijiona wazima. Haya hapa ni ya kumsaidia mtu asiwe mmoja wao. Maamuzi ya tiba yabaki kwa daktari wako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ile ya polepole kweli

Limfoma si ugonjwa mmoja. Afrika Mashariki tunaijua zaidi ile kali ya Burkitt, iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi wenye uvimbe wa taya. Uvimbe ule huongezeka maradufu ndani ya siku chache, na kuusubiri ni kumuua mtoto. Zile za polepole ni nyingine, na huwapata zaidi watu wazima: limfoma ya folikula ndiyo inayoonekana mara nyingi, kisha zipo za ukanda wa pembeni wa tezi, ugonjwa wa Waldenström, na ile inayofanana na saratani sugu ya damu ya limfu.

Kuzitofautisha kunahitaji kinyama. Sindano nyembamba inayofyonza seli za tezi inaweza kuonyesha kwamba kuna tatizo, lakini haitoshi kutaja aina. Mtaalamu wa maabara anataka tezi nzima au kipande cha kutosha ili aone seli zimejipangaje, kisha azipake rangi maalumu zinazotambua alama zake. Kwetu tezi ikivimba shingoni, wazo la kwanza huwa ni kifua kikuu, na wapo waliokunywa dawa za TB miezi kadhaa kabla ya mtu kukumbuka kuchukua kinyama. Kama uliambiwa una limfoma ya polepole kwa sindano peke yake, uliza kuhusu kinyama kabla hujakubali kusubiri.

Ukipata karatasi ya majibu, isome pamoja na daktari. Kwa limfoma ya folikula tafuta daraja: la 1, 2 na 3A linaweza kuangaliwa bila dawa, lakini 3B hutibiwa kama limfoma kali. Hakikisha umepimwa Ukimwi, homa ya ini B na homa ya ini C. Wenye virusi vya Ukimwi hupata zaidi limfoma zile kali, kwa hiyo jibu hilo linaweza kubadilisha mpango wote.

Kuna hali ambazo si sawa kukaa tu. Ugonjwa wa folikula ukiwa bado uko sehemu moja, yaani hatua ya 1, mionzi peke yake inaweza kuuondoa kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya watu moja kwa moja. Limfoma ya polepole ya tumbo mara nyingi hutokana na bakteria wa vidonda vya tumbo, na wengi hupona kwa vidonge vya kuua bakteria hao. Ile ya bandama kwa mwenye homa ya ini C inaweza kunywea akitibiwa ini. Kama mojawapo ni yako, liulize jambo hilo waziwazi.

Na usizimie ukisoma hatua ya 4. Seli hizi husafiri kwenye damu na uboho tangu mapema, kwa hiyo wagonjwa wengi wa folikula hugunduliwa wakiwa hatua ya 3 au ya 4. Hatua hiyo haina maana ileile iliyo nayo kwenye saratani ya titi au ya shingo ya kizazi, na haizuii kuangaliwa bila dawa.

Hatua ya 2: Fahamu kwa nini unasubiri

Usipoelewa sababu, utayumbishwa na kila mgeni anayekuja kukujulia hali. Sababu ni hii: limfoma nyingi za polepole zikishaenea, dawa tulizo nazo huzilaza lakini mara nyingi haziziondoi kabisa. Zikiamka hutibiwa tena, na kila tiba ina madhara yake. Basi madaktari wakauliza: je, anayeanza dawa akiwa hana shida yoyote anaishi muda mrefu zaidi?

Uingereza walilijibu swali hilo kwa wagonjwa 309. Nusu walipewa vidonge vya kemo viitwavyo klorambusili papo hapo, nusu wakasubiri mpaka dalili zije. Matokeo yaliyotoka mwaka 2003, baada ya kuwafuatilia watu hao kwa takriban miaka 16, hayakuonyesha tofauti ya maana katika urefu wa maisha. Katika kundi la waliosubiri, karibu mmoja kati ya watano alikuwa hajahitaji kemo hata baada ya miaka 10. Ikaja rituksimabu, dawa ya dripu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 na ambayo imebadilisha sana tiba ya ugonjwa huu, na swali likaulizwa upya. Mwaka 2014 jibu lilikuwa kwamba wanaoipata mapema huchelewa sana kuhitaji tiba nyingine: baada ya miaka 3, watu 88 kati ya 100 walikuwa hawajaihitaji, dhidi ya 46 kati ya waliosubiri. Lakini urefu wa maisha haukutofautiana. Kwa hiyo mahali ambapo rituksimabu inapatikana, kuanza nayo ni mazungumzo halali kati yako na daktari. Mahali ambapo utaiuzia ng'ombe ili uinunue, jua kwamba kusubiri hakujakunyima miaka.

Mama mkubwa ana namna yake ya kuwajibu majirani. Huwaambia, "Usiamshe waliolala, utalala wewe," kisha anaomba chai.

Hatua ya 3: Tengeneza faili lako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotelea. Uangalizi hutegemea kulinganisha leo na jana. Jana ikipotea, daktari anaanza upya, na wewe unalipa upya.

Nunua faili la plastiki lenye mifuko. Weka majibu ya kinyama, picha za CT au altrasaundi pamoja na ripoti zake, vipimo vya damu vya siku ya kwanza, na kila karatasi inayofuata. Kila kitu kipige picha kwa simu, ujitumie kwa barua pepe, na mtumie mtu mmoja unayemwamini. Simu huibwa na nyumba huvuja.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui. Kinyama chako hakikutupwa. Kimegandishwa kwenye nta na kuhifadhiwa maabara kikiwa na namba. Andika namba hiyo na jina la maabara kwenye ukurasa wa kwanza wa faili. Ukihamia mkoa mwingine, ukienda kutafuta ushauri wa pili, au miaka ikipita na daktari akataka kulinganisha, kile kipande cha nta kina thamani kuliko ripoti iliyochapwa. Hospitali ikikataa kukupa, omba wakitume wao kwa hospitali nyingine.

Halafu uwe na daftari dogo. Ukurasa wa siku ya kliniki uwe mfupi namna hii:

"12 Machi. Kilo 64. Shingo kushoto sm 2, ileile. Kinena kulia sm 1.5. Bandama haishikiki. Damu 11.8. LDH kawaida. Homa hakuna, jasho hakuna. Kurudi Juni."

LDH ni kipimo cha damu nitakachokieleza hatua inayofuata. Daktari mpya akilisoma daftari hilo anaelewa hali yako kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Hatua ya 4: Siku ya kliniki

Mwanzoni wengi huonwa kila baada ya miezi mitatu, na mambo yakitulia miezi minne hadi sita. Vaa nguo rahisi kuvua. Daktari anapaswa kukushika shingo, kwapa na kinena, na kubonyeza tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu akitafuta bandama. Kama ameandika tu bila kukugusa, mwambie kwa adabu: "Daktari, naomba unikague na tezi." Hakuna daktari mwungwana atakayekasirika kwa hilo.

Utapimwa uzito, picha kamili ya damu, figo, ini, na LDH, kimeng'enya kinachopanda seli zinapozaliwa na kufa kwa kasi. CT si ya kila safari. Ukiwa huna dalili mpya, kuirudia mara kwa mara kunakuongezea mionzi na gharama bila kukuongezea uhai. Ukiandikiwa kila unapokwenda, uliza inatafuta nini.

Uliza pia kitakachowafanya waanze dawa. Vigezo vinavyotumika sana ni vya Wafaransa: tezi moja kuzidi sentimita 7, au sehemu tatu na zaidi zenye tezi za kuzidi sentimita 3 kila moja, homa, jasho la usiku au kukonda, bandama kuvimba, maji kifuani au tumboni, uvimbe unaobana kiungo cha ndani, damu kushuka kwa sababu uboho umevamiwa. Viandike nyuma ya daftari. Mtu anayejua mstari uko wapi halali macho wazi kila tezi inapowasha.

Kwa Tanzania daktari bingwa wa saratani utampata Ocean Road jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Kenya wapo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta Nairobi na Moi, Eldoret. Uganda kuna taasisi ya saratani pale Mulago. Uchunguzi mwingi wa katikati unaweza kufanyiwa hospitali ya mkoa au kaunti, bingwa akakuona mara chache zaidi. Omba mpango huo uandikwe barua, usibaki wa mdomo.

Na bima usiiachie ife. Ni kishawishi kikubwa mtu akiwa mzima: unalipia nini kama hupewi dawa? Unalipia siku utakayoanza dawa. Wakenya ambao bado wana kadi za zamani wahakikishe wamejisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024. Asiye na bima afungue kibubu kwenye simu na kuweka chochote kila mwezi, nauli na pesa ya vipimo zikiwa za kwanza.

Hatua ya 5: Jikague mara moja kwa mwezi

Chagua siku moja, ukiwa bafuni. Tumia ncha za vidole vitatu, zungusha taratibu: chini ya taya, pembeni mwa shingo, juu ya mtulinga, yaani mfupa wa mbele unaotoka shingoni hadi begani, kwapani mkono ukiwa umelegea, kisha kinena. Pima kwa rula tezi unayoijua. Andika, funga daftari.

Usijikague kila siku. Tezi ikitomaswa sana huuma, na maumivu hayo yatakutia hofu uliyojitengenezea mwenyewe. Jua pia kwamba tezi hizi hupanda na kushuka. Ukipata mafua au jino bovu, ya shingoni itavimba. Ipe wiki mbili au tatu.

Hatua ya 6: Mambo yasiyosubiri tarehe

Homa ya nyuzi 38 na zaidi. Kwetu malaria ni lazima ipimwe kwanza, na ikiwepo itibiwe. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria na homa ikaendelea kurudi, usikubali kupewa dawa ya malaria kwa kubahatisha. Onyesha faili, sema una limfoma.

Jasho la usiku. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atasema kila mtu anatoka jasho. Linalotafutwa hapa ni la kulowesha shuka na kanga mpaka unaamka kubadilisha, huku uliyelala naye ni mkavu na feni ni ileile.

Kukonda bila sababu, sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya miezi 6. Kwa mwenye kilo 70 ni kilo 7. Uliyepungua kwa mfungo wa Ramadhani utarudisha mwenyewe, usiporudisha, nenda.

Tezi moja kukimbia nyingine. Hili ndilo kubwa. Limfoma ya folikula inaweza kugeuka kuwa kali, na hilo huwapata takriban watu wawili au watatu kati ya 100 kila mwaka. Dalili yake ya kawaida ni uvimbe mmoja kukua ndani ya wiki huku mingine imetulia, mara nyingi LDH ikipanda na mwili ukichoka ghafla. Hapo hesabu siku, usihesabu wiki.

Mengine ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: kukosa pumzi, uso au shingo kuvimba, mguu mmoja kuvimba, kutokwa damu puani au kwenye fizi bila kukoma, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo.

Hatua ya 7: Linda mwili

Kinga ya mwenye limfoma huwa imepungua hata kabla ya dawa. Lala kwenye chandarua kila siku. Uliza kuhusu chanjo ya mafua, ya nimonia, ya korona na ya homa ya ini B kama hujawahi kuugua. Wakati mzuri ni sasa, kwa sababu ukishaanza rituksimabu mwili hautazipokea vizuri kwa miezi mingi. Chanjo zenye virusi hai ni habari nyingine. Homa ya manjano imo humo, na wasafiri wa Kongo na Uganda hudaiwa kadi yake mpakani. Usichomwe kabla ya kumwuliza daktari wako. Anaweza kukuandikia barua ya kusamehewa.

Vipele vya maji vinavyouma, vimejipanga upande mmoja wa kiuno au kifua, ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72. Usipoteze siku hizo kwa kupaka majivu.

Sasa deksa, yaani deksamethasoni. Kuna watu wanaoinunua dukani ili wanenepe, na wengine wanapewa prednisoloni kwa pumu au mgongo bila maelezo. Dawa za jamii hii, yaani steroidi, huzifanya tezi za limfoma zinywee kwa muda. Utaona umepona, daktari ataona umepona, na ukichukuliwa kinyama kipya wakati huo majibu yanaweza kupotosha. Kama kuna daktari aliyekuandikia, usiziache ghafla, lakini mwambie wa saratani.

Kuhusu mitishamba nina neno moja. Huko Stanford, Marekani, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 83 wa limfoma za polepole ambao hawakupewa dawa, wakaripoti mwaka 1984 kwamba karibu robo yao tezi zilinywea zenyewe. Zenyewe kabisa. Fikiria kama watu hao wangekuwa wamepita Samunge, Loliondo, kwenye foleni za mwaka 2011, wakanywa kikombe. Nani angewaambia siyo kikombe? Ndiyo maana ushuhuda wa jirani kuhusu mti fulani hauthibitishi kitu kwenye ugonjwa huu hasa. Ukitumia kitu, kitaje kliniki, kwa kuwa baadhi huumiza ini na kuvuruga vipimo vinavyotegemewa kukuangalia.

Chakula maalumu hakuna. Kula unavyokula, fanya kazi, tembea. Sigara acha.

Hatua ya 8: Ndugu, kazi na kichwa chako

Andaa sentensi mbili, uzirudie bila kubadilisha: "Nina saratani ya tezi ya aina inayokwenda polepole. Madaktari wananiangalia, na dawa itaanza ikihitajika." Ukianza kueleza zaidi msibani au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, jioni utakuwa na tiketi ya India usiyoihitaji na mchango ulioanza bila ruhusa yako. Mchango mzuri ni ule wa siku ya dawa. Waombe wausubirishe, au wakulipie bima.

Mweleze mwenzi wako yote, na umtaje mtu mmoja atakayekukumbusha tarehe. Watoto waambiwe kwamba hauambukizi. Ukiwa bado unataka kuzaa, lizungumze na daktari mapema kabla dawa hazijaja.

Wiki ya kliniki huwa nzito. Mama mkubwa huanza kunikaripia siku tatu kabla, kwa mambo madogo kama chumvi, na nimeshajua maana yake. Hofu ikikunyima usingizi mfululizo au ukakosa hamu ya kula, iseme kliniki kama unavyosema homa. Wapo wachache wasioweza kabisa kuishi na ugonjwa wakijua haujaguswa, na kwao kuanza tiba nyepesi mapema ni uamuzi wa busara.

Hatua ya 9: Siku ya kuanza dawa ikifika

Peleka faili zima. Uliza jibu la homa ya ini B lipo na ni la lini, kwa sababu rituksimabu inaweza kuwaamsha virusi waliolala kwenye ini na kumuua mtu ambaye limfoma yake ilikuwa inatibika. Ukipangiwa ile dawa nyekundu ya dripu, doksorubisini, uliza kama moyo utapimwa kwanza. Tibu meno. Na kama sababu ya kuanza ni tezi moja iliyokimbia, omba ichukuliwe kinyama kipya kabla ya dripu ya kwanza, maana limfoma iliyogeuka haitibiwi kwa dawa zilezile.